Mwonja Maji Asiyemeza

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mama amesema nisipouanza mimi atauanza yeye, na yeye akianza huwa habakizi kitu. Kiangazi kizima, kila asubuhi kabla ya shule, nilisimama mbele ya watu nikanywa maji ya bomba la kitongoji chetu. Sikumeza hata tone.

Naitwa Jovini, niko kidato cha tatu, tunakaa upande wa Nyakahura. Nesi mmoja ndiye aliyeniambia niandike haya kwa ajili ya watakaolala wodini baada yangu. Kama umelala hapo sasa hivi na tumbo linakuvuruga, soma taratibu. Kama hujalala hapo, soma haraka kabla hujafika.

Kwanza uelewe jambo moja, la sivyo utaniona mwendawazimu. Huku kwetu mtu hakupi kinywaji kabla hajakionja mwenyewe. Uje nyumbani leo, mama akumiminie togwa, atapiga funda moja mbele ya macho yako ndipo akupe kikombe. Si uroho. Anakuonyesha kwamba hakutia kitu. Kwenye pombe ya ndizi ni hivyo hivyo, mwenye nyumba ndiye anayeanza kuvuta mrija. Akikupa bila kuonja, hata akiwa shemeji yako, unasema umeshiba, unashukuru, unaondoka ukiangalia nyuma.

Sasa bomba lilipoletwa, watu walilipokea kama mgeni asiyeonja. Maji yanatoka kwenye chuma, chuma kinatoka kwenye tangi, tangi liko kilimani limefungwa kufuli, na kuna fundi anakuja na pikipiki anapanda juu peke yake anatia dawa. Hiyo dawa nani kaionja? Wapika pombe walikuwa wa kwanza kulalamika. Walisema ukiyatumia maji yale pombe haichachuki, inakaa tu kama maji ya kuogea. Basi hoja ikakamilika: kama yanaua pombe, tumbo la binadamu litaponea wapi?

Ufunguo wa bomba kamati ya maji walimpa mama, kwa sababu hana maneno mengi. Siku ya kwanza alifungua koki, watu wakasimama na madumu yao matupu wakimtazama. Mzee Rukasi, ambaye ndiye anayetusemea wote hata tusipomtuma, akakunja pua.

"Mama Jovini, mbona yana halufu ya hospitari? Onja kwanza."

Mama akaonja. Siku ya pili wakasema kuonja kwake hakutoshi, mwenye ufunguo anaweza kuwa na kinga yake nyumbani. "Aonje mtoto wako," akasema Mzee Rukasi. "Hakuna mtu anayeroga mtoto wake." Huku kuroga hakuhitaji hirizi wala ungo wa kupaa, inatosha kutia kitu kwenye kikombe.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Na kazi niliipenda, nisiwe mwongo. Nilikuwa nainua kikombe kama padri, najaza mdomo, nafumba macho, nasugua tumbo, nanguruma "Mmmm!" kama ng'ombe aliyeona chumvi. Watu wanacheka. Halafu naenda nyuma ya kibanda cha bomba kuchukua mfuko wangu wa madaftari, ambao nilikuwa nautundika huko makusudi, na hapo nyuma nalitema funda lote kwenye shina la mgomba. Nikirudi mdomo mtupu nasema, "Matamu!" Madumu yanaanza kugongana.

Kwa nini sikumeza? Kwa sababu ya Faustini. Faustini ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja, na ana mjomba anayejua kila kitu. Mjomba wake alimwambia dawa ile ni ya kutupunguza. Ukiinywa miezi mitatu, ndevu hazioti, na habari za kupata watoto uwaachie wengine. Mimi ndevu nilikuwa nazisubiri tangu darasa la saba. Nilikuwa nazo tano tayari, nimezihesabu kwenye kioo cha pikipiki. Sikuwa tayari kuzitoa sadaka kwa ajili ya kikombe.

Kwa hiyo nilikunywa maji ya chemchemi. Iko bondeni, chini ya njia ya ng'ombe, maji yake meupe, baridi, hayanuki kitu. Vyura walikuwa wanaogelea humo wakiwa na afya kunizidi. Tukitoka mpirani tulikuwa tunapiga magoti tunayachota kwa viganja, na chupa yangu ya shule nilikuwa naijaza pale pale. Hatua kama thelathini juu yetu ng'ombe nao walikuwa wanakunywa, na wakimaliza kunywa wanafanya mengine. Juu zaidi kuna nyumba, na nyumba zina vyoo. Hayo yote nilikuwa nayaona. Lakini hayakuwa na harufu ya hospitali.

Mvua za kwanza ziligonga, mlima ukaosha kila kilichokuwa juu ukakileta bondeni. Wiki mbili baadaye nikaanza kuumwa kichwa.

Siyo kichwa cha kukwepa hesabu, hicho nakijua. Hiki kilikuwa kinakaa nyuma ya macho kama mpangaji. Asubuhi napata nafuu, jioni homa inapanda, meno yanagongana mpaka mdogo wangu akawa ananiiga. Chakula nikikiona nachukia. Hata chapati. Mama alipoona nimeikataa chapati, akafunga kanga, tukaenda kituo cha afya.

Nikwambie kuhusu benchi la kusubiri, maana hakuna atakayekuambia. Kila mgonjwa akiitwa, wote mnasogea nafasi moja, kwa hiyo unafika kwa daktari ukiwa umelifuta benchi zima kwa suruali yako. Na wote mnachunguzana. Yule anakohoa nini? Huyu mbona kaletwa na watu watatu? Pembeni kulikuwa na ndoo ya maji yenye koki na kikombe cha plastiki. Mama mmoja akachota, akanusa, akayamwaga, akanywa ya kwake kutoka kwenye mkoba. Nikamwona mwenye akili sana.

Walipima malaria, hakuna. Mama alikasirika kidogo, kama mtu aliyefika dukani akaambiwa sukari imekwisha. Tukapewa vidonge vya kutuliza homa, tukaambiwa homa ikiendelea turudi. Ikaendelea. Tukarudi nikiwa nimebebwa na bodaboda katikati, mama nyuma amenishika kama mzigo wa mkaa. Safari hii wakachukua damu nyingi, kisha wakanipa kikopo cha ukubwa wa dole gumba wakasema nilete choo. Sikuwa nimepata choo siku nne. Nilikaa huko chooni nikiongea na tumbo langu kwa heshima zote, shikamoo tumbo, lisiitike.

Majibu yalipotoka, nesi alituita ndani. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani imeshuka puani.

"Homa ya matumbo," akasema.

"Inatoka wapi?" mama akauliza.

"Kwenye uchafu unaoingia mdomoni. Mara nyingi maji. Nyumbani mnakunywa maji gani?"

Mama akakaa wima. "Ya bomba. Yanatiwa dawa. Na huyu hapa ndiye mwonjaji wa kitongoji."

Nesi akanitazama juu ya miwani. Mimi nikatazama dari, kulikuwa na mjusi. Tukatazamana na mjusi kwa muda mrefu.

Nililazwa. Kuanzia hapo siku sizijui kwa majina, nazijua kwa chupa. Dripu ya kwanza nililala. Ya pili nililia, nakiri, ila nilisingizia jasho. Kwenye sindano ya nne ndipo nilipoanza kuona vizuri nani kalala kitanda cha jirani, mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bandeji, aliyekuwa akiniwekea redio yake karibu na sikio bila kuniuliza. Mungu ambariki, japo betri zilikuwa zinakaribia kufa na kila mtangazaji alikuwa na sauti ya mlevi. Mwili wangu ulikuwa unaondoka kidogo kidogo. Mkono ukawa mwembamba mpaka saa ya Faustini niliyoazima ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko. Nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Nikazihesabu ndevu kwa vidole: tatu.

Sasa huko nyumbani.

Baba alikuja kunitazama akiwa na saruji kwenye viatu. Baba ni fundi ujenzi, hana kawaida ya kukaa, akiingia wodini anagonga ukuta kwanza kuona kama umepigwa plasta vizuri. Siku hiyo hakugonga. Alidhani nimelala.

"Rudisha ule ufunguo," akamwambia mama.

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Mwonjaji kaanguka, unaniuliza kwa nini? Hakuna dumu hata moja linalokuja bombani. Watu wote wamerudi bondeni. Wanasema ulimlisha mtoto wako sumu mbele yao, huku ukijua, kwa sababu ya cheo cha ufunguo. Kazini watu wakinywa chai wananigeuzia mgongo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijasema kitu."

"Si nawe unayanywa hayo maji? Umekufa?"

"Mimi nakunywa chai."

"Kwani chai naipika kwa mate?"

Nikamsikia baba anakwangua saruji kwenye kiatu. Kisha nikamsikia mama anavuta kamasi, na mama yangu hana tabia ya kuvuta kamasi. Nililala pale nimefumba macho, nikijua kitu ambacho kingemaliza ugomvi ule kwa sentensi moja. Sikusema. Nilijiambia nitasema nikipata nguvu. Huo ulikuwa uongo, kwa sababu nguvu za kula ndizi aliyoileta baba nilizipata.

Kuitwa mlishaji sumu huku kwetu si jambo la kupita. Ukiitwa hivyo, watoto hawatumwi tena kwako kuomba chumvi. Msibani unapewa kazi ya kufagia, jikoni husogezwi. Mama alikuwa akija wodini na uji kwenye chupa, na kila akinimiminia alikuwa anaonja kwanza. Zamani alikuwa anapiga funda moja dogo. Siku hizo alikuwa anapiga matatu, manne, akiwaangalia wagonjwa wengine ili wamwone.

Baada ya sindano wakanihamishia kwenye vidonge. Vidonge vilikuwa vikubwa, na mjomba wa Faustini alishasema vidonge vikubwa ni vya ng'ombe. Shavu langu lilikuwa limeshazoea kazi. Nesi akanipa, nikakiweka pembeni ya meno, nikanywa maji, nikasema, "Asante nesi."

"Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Inua ulimi. Haya, shavu." Akaingiza kidole kama mtu anayetafuta funguo chini ya kabati, akakitoa kidonge kimelowa. Wodi nzima ikacheka. Yeye hakucheka. "Haya mashavu yana uzoefu," akasema. "Yamefanya kazi hii wapi?"

Mama alikuwa anakunja kanga miguuni pa kitanda. Akaacha kukunja. Akanitazama, akamtazama nesi, akaitazama chupa ya maji mkononi mwangu. Kisha akaendelea kukunja, polepole sana, pembe kwa pembe.

Kuanzia siku hiyo nilimeza. Nawe meza, hata siku utakayojiona mzima, maana nesi alinieleza kwamba ukiacha katikati ugonjwa unarudi na hasira.

Nilikuwa nimebakiza siku mbili niruhusiwe Kelvini alipoletwa. Kelvini ana miaka minne, ni mjukuu wa Bibi Adventina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ndiye mtoto niliyemfundisha kuwapigia saluti mbuzi. Alikuja amelegea kama shati lililotoka kufuliwa, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Wakamtafuta mshipa mkono wa kulia, wakakosa, wa kushoto, wakakosa. Bibi Adventina alikuwa anamwita Mungu kwa Kirundi, "Mana yanje, Mana yanje," huku ameshika kile kiguu kidogo. Mshipa ukapatikana mguuni.

Bibi alipotulia akaja kukaa kitandani kwangu, akaweka kiganja kwenye paji langu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda, lakini ni mzima. Mungu alibariki tumbo lako."

"Kwa nini bibi?"

"Lilituonya. Ulipoanguka tu, nikasema bomba basi. Nikamrudisha huyu kwenye maji ya bondeni, maji waliyokunywa baba zetu. Sijui hili balaa sasa kalitoa wapi. Labda yale ya bomba yalishamwingia zamani, ndiyo yanatoka."

Nikasema nataka kulala. Nikageukia ukutani. Hakuna kitu kilichonikaa kooni katika ugonjwa wote ule kama mkono wa yule bibi ukinipapasa mgongoni kunishukuru.

Nilitoka wodini wakati senene wameanza kuruka. Kelvini nilimwacha akiwa na dripu ya tatu, ila alikuwa ameweza kumpigia saluti nesi, na mimi nilihesabu hiyo kama ruhusa ya kupumua. Nyumbani nilitembea kama mzee, nikipumzika kila baada ya nyumba mbili. Suruali nilifunga kwa kamba. Faustini alinitazama kichwa akasema nimefanana na kuku wa kunyonyolewa, na nilimshukuru, alikuwa mtu wa kwanza kunitukana kwa wiki tano.

Jumamosi iliyofuata kamati ikaitisha watu bombani. Ajenda moja: mama arudishe ufunguo, na bomba lifungwe mpaka wajue lina nini. Walikuja wengi, wakasimama mbali kidogo na koki kana kwamba inauma. Bibi Adventina alikuwa mbele, Kelvini mgongoni, kichwa chake kimelala begani, ameruhusiwa juzi yake. Mama alisimama na ufunguo kwenye kiganja kilichofunguka, tayari kuutoa.

Nikapiga hatua moja mbele.

"Mimi sikuwahi kuyanywa," nikasema.

"Sema kwa sauti," mwenyekiti wa kamati akasema.

"Maji ya bomba. Nilikuwa nayaweka shavuni, nayatema kule nyuma. Nilikuwa nakunywa ya bondeni. Ndiyo yaliyonilaza."

Halafu Mzee Rukasi akacheka, kicheko kikavu.

"Nani kakutuma? Mama yako anakalibia kunyang'anywa ufunguo, ghafura mtoto anapata maneno!"

"Hakuna aliyenituma, mzee."

"Leta ushahidi."

Nikafikiri. Ushahidi wa kutomeza maji unautoa wapi? Kisha nikakumbuka. "Njooni nyuma ya kibanda," nikasema.

Walizunguka wote, kwa tahadhari, kama wanaonyeshwa nyoka. Migomba ya pale nyuma iko sita. Mitano ilikuwa imekauka majani kwa lile jua la kiangazi, mvua ilikuwa haijaiinua bado. Wa sita, uliokuwa chini ya msumari ninapotundika mfuko, ulikuwa umesimama umenona, na mkungu wake ulikuwa umeinama mpaka unakaribia kumgusa mtu kichwani.

"Huu ndio ulionja kwa niaba yenu," nikasema. "Kila asubuhi. Kama ile dawa inazuia kuzaa, uulizeni."

Mtu mmoja akapasuka kucheka, na wengine wakafuata. Mzee Rukasi akaugusa mkungu, akaunusa, akasema mgomba si mtu. Lakini hakuuachia haraka.

Bibi Adventina hakucheka. Alinijia taratibu, Kelvini mgongoni. Akanishika shavu kwa vidole viwili, akalivuta mpaka machozi yakanitoka.

"Ni hili?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Na siku ile pale kitandani, nilipokushukuru. Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, bibi."

Akalivuta kidogo zaidi, kisha akaliachia. Akarudi mbele ya kibanda, akachukua dumu lake, akaliweka chini ya koki. Akamtazama mama. Mama akauingiza ufunguo, akafungua, akachota kikombe, akaonja. Bibi Adventina akangoja kidogo, akimwangalia. Halafu akasema, "Jaza."

Wengine hawakujaza siku hiyo. Walibaki wanamtazama bibi yule akienda na dumu lake kichwani, na nina uhakika walimtazama wiki nzima kuona kama ataanguka. Hata leo wapo wanaosema nilifundishwa yale maneno, na wapo wanaosema ule mgomba ulitiwa mbolea. Wapika pombe bado wanashuka bondeni. Ufunguo ulibaki kwa mama. Madumu yanaongezeka moja moja, kila dumu likimchungulia mwenzake.

Ila mama hakunisemesha. Siku ile, na ya pili yake, alinipa uji bila neno, akaonja, akaniwekea, akaondoka. Baba alisema afadhali angenichapa, na nilimuunga mkono. Jioni ya siku ya tatu nilikuwa nimekaa mlangoni nang'oa mabawa ya senene. Akaja akakaa karibu yangu, akachukua nusu ya senene, akaanza naye kung'oa. Akanipapasa kichwa pale nywele zinapoanza kurudi. Kisha akasema hivi, siongezi wala sipunguzi:

"Kesho asubuhi unaonja tena. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma ya kibanda."